Alama ya kuuliza iliyopotea: mama hana kisukari, mbona faili linasema anacho?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 63. Alilazwa siku nne kwa nimonia, akatibiwa vizuri, akapewa ruhusa. Tulipofika nyumbani nikasoma muhtasari aliopewa wakati wa kutoka. Chini kabisa kulikuwa na herufi na namba: J18.9, I10, E11.9. Nikazitafuta kwenye intaneti. Ya kwanza ni nimonia, ya pili ni presha, ambayo kweli anayo, na ya tatu ni kisukari aina ya pili. Mama hajawahi kuambiwa ana kisukari wala hajawahi kumeza dawa yake. Nikapiga simu hospitali, aliyepokea akasema, "Hiyo ni kodi tu ya kompyuta, usiwe na wasiwasi." Wasiwasi ninao. Hizi kodi ni za nini, nani anaziandika, na ikiwa wamekosea inafutwaje? Na hizi kompyuta zimetusaidia kweli, au tungebaki na mafaili ya karatasi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole, na hongera kwa kuisoma ile karatasi hadi chini. Wengi huikunja wakaitia kwenye pochi, ikakaa humo.

Naanza na lililo la haraka kuliko maelezo yangu yote: mama apimwe sukari upya, safari hii akiwa amepona. Usianze kwa kudhani hospitali imekosea. Huenda mama ana kisukari kweli, kikaonekana kwenye vipimo vya wodini, daktari akakiandika, na kila mtu akadhani mwenzake ameshamwambia mgonjwa. Hilo hutokea. Kisukari aina ya pili kinaweza kukaa mwilini miaka bila mtu kuumwa popote, akaja kukigundua miguu imeanza kufa ganzi. Sukari ya asubuhi, kabla ya kula chochote, ikifika milimoli 7.0 kwa lita, au kipimo kiitwacho HbA1c kikifika asilimia 6.5, hapo tunazungumzia kisukari. Na kama mtu hana dalili yoyote, kipimo hurudiwa kabla ya kumpa jina hilo. HbA1c inaonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kwa hiyo haiyumbishwi sana na homa ya wiki moja.

Nasisitiza "akiwa amepona" kwa sababu nimonia yenyewe hupandisha sukari. Mwili ukipambana na maambukizi makali hutoa homoni zinazoisukuma sukari kwenye damu. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo wagonjwa wengine wa kifua hupewa, huipandisha zaidi. Mtu asiye na kisukari anaweza kukutwa na 12 au 13 akiwa kitandani wodini, na wiki chache baadaye akapimwa na kuonekana hana neno.

Sasa hiyo "kodi tu". Aliyekujibu hakuwa na nia mbaya, lakini alikosea. Hospitalini wengi wetu husema kodi. Hapa nitasema msimbo, tusije tukachanganya na kodi ya nyumba. Msimbo ni jina la ugonjwa lililoandikwa kwa namna ambayo mtu wa lugha yoyote na mashine yoyote italisoma vilevile. Daktari mmoja akiandika "sukari", wa pili "kisukari", wa tatu "DM", mashine inaona magonjwa matatu. Wote wakiandika E11, inaona mmoja.

Itazame E11.9 kwa karibu. Herufi E ni sura ya magonjwa ya homoni, lishe na umetaboli katika ICD-10, yaani toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. E10 ni kisukari aina ya kwanza, E11 ni aina ya pili. Tarakimu inayofuata nukta inasema kisukari hicho kimefika wapi: 2 kimegusa figo, 3 macho, 4 neva, na 9 hakijaleta madhara yoyote. Kwa hiyo aliyeandika E11.9 hakusema kwamba sukari ya mama ilipanda. Alisema mama ana kisukari aina ya pili, ila bado hakijamdhuru. Kama alitaka kusema tu kwamba sukari imeonekana juu, msimbo wake upo: ni R73.9. Sura ya R ndiyo makao ya dalili na matokeo ya vipimo ambayo bado hayajapewa jina la ugonjwa. Nimefanya kazi ya kumbukumbu za afya kwa zaidi ya miaka 20, na sura hiyo naiheshimu kuliko nyingine zote, maana ndiyo inayotuwezesha kuandika kwa uaminifu kwamba bado hatujui.

Ujue pia orodha hii ilikotoka, kwa sababu tatizo la mama lina mzizi huko. Ilianza na wafu. Mwaka 1893, katika mkutano wa Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu uliofanyika Chicago, Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, alileta orodha ya vyanzo vya vifo ili miji na nchi ziweze kulinganisha hesabu zao. Orodha yake ndefu kabisa ilikuwa na vichwa 161. Magonjwa ya walio hai yaliingizwa mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani lilipoichukua kazi hiyo na kutoa toleo la sita. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990. La kumi na moja lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na humo kisukari aina ya pili kinaitwa 5A11, kwa hiyo usishtuke siku ukikutana na herufi tofauti kwa ugonjwa uleule. Marekani wana toleo lao la ICD-10, waliloanza kulitumia tarehe 1 Oktoba 2015, lenye misimbo ya magonjwa karibu 70,000.

Tazama basi kilichotokea. Chombo kilichoundwa kuhesabu vifo vya miji mizima leo kinatumika kumweleza mtu mmoja kwa daktari atakayemwona kesho. Anayehesabu watu milioni hababaiki msimbo mmoja ukikosewa, maana utazama ndani ya hesabu kubwa. Mama yako hana hesabu kubwa ya kuzamia. Kwa kazi ya kumweleza mgonjwa mmoja kuna msamiati mwingine, SNOMED CT, uliozaliwa mwaka 2002 kwa kuunganisha msamiati wa Wamarekani na ule wa Waingereza, wenye dhana zaidi ya 350,000. Na kwa vipimo vya maabara kuna LOINC, iliyoanza mwaka 1994. Hospitali nyingi huitumia mitatu hiyo kwa pamoja. Lakini karatasi anayopewa mgonjwa mkononi mara nyingi hubeba ICD peke yake, kwa sababu ndiyo inayotakiwa na wanaolipa na wanaohesabu.

Nani anaandika? Kuna njia mbili. Katika vyumba vya madaktari, daktari mwenyewe huchagua msimbo kwenye skrini wakati mgonjwa yupo mbele yake. Kwa waliolazwa, hospitali zenye watu wa kutosha humwachia mtaalamu wa misimbo, mtu kama mimi, anayelisoma faili lote mgonjwa akishaondoka. Kazi yetu ina mwiko mmoja: hatumpi mtu ugonjwa. Hata nikiona sukari 15 kwenye majibu ya maabara, siruhusiwi kuandika E11 mpaka daktari awe ameandika kwa mkono wake kwamba ni kisukari. Nikiwa na shaka namwandikia swali, nasubiri jibu. Pale ambapo mafaili yamerundikana na aliye juu anataka yote yafungwe kabla ya mwisho wa mwezi, mwiko huo ndio wa kwanza kuvunjwa.

Sasa twende wodini usiku ule mama alipolazwa. Sikuwepo, lakini nimesoma mafaili mengi mno ya usiku wa namna hiyo. Muuguzi amemchoma mgonjwa kidole, kimashine kimesoma 13.4. Daktari wa zamu, mwenye wagonjwa kuliko saa alizobakiwa nazo, anaandika alama tatu: "?DM". Alama ya kuuliza mbele, herufi mbili za kisukari nyuma. Kwa yeyote aliyefunzwa kazi hii maana yake ni moja: huenda ni kisukari, tuangalie. Kwenye karatasi alama ile hubaki ilipo. Atakayelifungua faili keshokutwa ataiona, na atajua kwamba mwenzake hakuwa na uhakika.

Kwenye kompyuta daktari huyohuyo anafungua kisanduku cha ugonjwa, anaandika herufi tatu za mwanzo, na orodha inashuka: aina ya kwanza, aina ya pili, cha ujauzito, chenye madhara ya figo, kisicho na madhara. Haimo iliyoandikwa "labda". Anataka kuagiza HbA1c, na mfumo haumpi nafasi ya kuagiza kipimo mpaka ataje ugonjwa unaokihalalisha. Anabofya kilicho karibu zaidi. Kazi ya sekunde nne. Kipimo kimeagizwa, mgonjwa amehudumiwa, na alama ya kuuliza imepotea bila mtu yeyote kuifuta kwa makusudi. Majibu yakirudi asubuhi yakiwa mazuri, anayeyasoma ni daktari mwingine wa zamu nyingine. Anafurahi, anaendelea na kifua cha mgonjwa, na E11.9 inabaki pale ilipowekwa.

Nikibahatisha, huo ndio mkasa wa mama yako. Ila ziko njia nyingine za kufika palepale. Mama akiulizwa kama kwao kuna kisukari akajibu kwamba marehemu baba yake alikuwa nacho, msimbo sahihi ni Z83.3, historia ya kisukari katika familia. Mtu mwenye haraka akaandika kisukari, na ugonjwa wa baba ukamrukia binti. Au alipimwa kwa ajili ya kuchunguzwa tu, ambapo ni Z13.1. Au faili lake limechanganywa na la mtu mwenye jina na mwaka wa kuzaliwa kama wake, na hili likitokea ndilo la hatari kuliko yote, maana linakuja na dawa za mwenzake, kundi la damu la mwenzake na mzio wa mwenzake. Kwa hiyo unapoisoma ile karatasi, usiishie kwenye msimbo mmoja. Angalia kama kuna kitu kingine kisicho cha mama.

Kanuni zenyewe nazo hazimsaidii mgonjwa sana. Katika mwongozo wa Marekani, mgonjwa wa nje akiandikiwa "yawezekana ni kisukari", msimbo wa kisukari hauruhusiwi; huandikwa dalili au matokeo ya kipimo. Lakini aliyelazwa, ikiwa siku ya kutoka daktari bado ameandika "yawezekana", kanuni inaruhusu kuandika msimbo kana kwamba ugonjwa umethibitishwa. Waliotunga hivyo wana hoja yao: hospitali ilitumia vipimo na muda kana kwamba ugonjwa upo, basi hesabu ya gharama ionyeshe hivyo. Naielewa hoja hiyo. Siikubali pale msimbo uleule unapomfuata mgonjwa nyumbani kama ukweli juu ya mwili wake.

Na fedha zimo. Tangu mwaka 1983, mpango wa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, ulipoanza kulipa hospitali kiwango kilichopangwa kwa kila kundi la wagonjwa wanaofanana, mtindo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Yale na Robert Fetter na John Thompson, nchi nyingi zimeufuata kwa namna zao. Chini ya mtindo huo, magonjwa ya ziada yanaweza kuongeza malipo. Sisemi kwamba kuna aliyemwandikia mama kisukari ili alipwe. Nasema kwamba mfumo unaomlipa aliyeandika zaidi haumpi mtu sababu kubwa ya kurudi kufuta.

Linaloniuma ni kwamba mahali pa kuandika shaka papo. Kiwango kinachotumiwa na mifumo mingi kupashana habari za wagonjwa, FHIR, kilichoanzishwa mwaka 2011 na Mwaustralia Grahame Grieve chini ya shirika la HL7, kina sehemu maalumu kwa ajili hiyo. Kila ugonjwa unaweza kuwekewa hali yake: haujathibitishwa, ni wa muda, umethibitishwa, umekanushwa, au uliingizwa kimakosa. Alama ya kuuliza ya daktari wa zamu ilikuwa na nyumba ya kulala. Lakini skrini nyingi nilizofanyia kazi hazimwonyeshi daktari nyumba hiyo. Zinaandika "umethibitishwa" zenyewe, kimyakimya. Kila nikikaa na watengenezaji wa programu hizi naomba kitu hicho kimoja kabla ya vingine vyote: kitufe cha "labda", karibu na jina la ugonjwa, kinachoonekana bila kutafutwa.

Umeuliza kama tungebaki na karatasi. Nikusimulie kisa changu.

Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa naandika misimbo kutoka mafaili ya karatasi. Siku moja nikamwandikia bwana mmoja pumu, J45, nikaiweka na kwenye ukurasa wa mbele wa faili lake, wenye orodha ya magonjwa ya kudumu. Baadaye alikuja kutibiwa presha. Kuna jamii ya dawa za presha ambazo mwenye pumu huepushwa nazo kwa sababu zinaweza kumbana kifua, na kila daktari aliyetaka kumpa aliona pumu ukurasa wa mbele akaiacha. Mpaka siku alipouliza, "Mimi nina pumu? Tangu lini?" Faili likaletwa kwangu. Nikarudi kwenye ukurasa nilioutumia, nikaushika mwangani. Daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa hana pumu. Neno la kukanusha lilikuwa mwanzoni mwa mstari, pembeni kabisa, na tundu la kufungia faili lilikuwa limetobolewa juu yake. Zilibaki nukta mbili za wino ukingoni mwa tundu. Mimi nilisoma kilichobaki.

Kwa hiyo karatasi nayo hula maneno. Faili hupotea, mvua huingia stoo, mwandiko husomwa na aliyeuandika peke yake, na mgonjwa akienda hospitali nyingine anaanza upya kana kwamba amezaliwa jana. Mwaka 1968 Lawrence Weed, daktari wa Marekani, aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kumbukumbu za wagonjwa zimekuwa rundo lisilo na mpangilio, akapendekeza kila faili lijengwe juu ya orodha ya matatizo ya mgonjwa, na kila maelezo yaonyeshe ni ya tatizo lipi. Orodha ya magonjwa unayoiona leo kwenye mifumo ya kompyuta imetokana na fikra hiyo. Alipigania utaratibu wa kufikiri, kompyuta ikaja kuubeba. Na inaubeba vizuri pale unapofuatwa: mfumo unaomzuia daktari kuandika penisilini kwa mtu mwenye mzio nayo umeokoa watu, na mimi nimeshuhudia onyo hilo likitokea na mkono wa daktari ukisimama.

Tofauti ya kosa la karatasi na kosa la kompyuta ni mwendo. Kosa langu la pumu lilikaa kwenye faili moja, kabati moja, hospitali moja. E11.9 ya mama huenda imeshafika kwa anayelipia matibabu yake, iko kwenye hesabu za kitaifa za wagonjwa wa kisukari, na kama mfumo umeunganishwa na hospitali nyingine, imefika huko pia. Daktari atakayemwona mwakani ataikuta, ataichukua kama ilivyo, ataibandika kwenye maelezo yake mapya, na sasa itaonekana kwamba madaktari wawili wamekubaliana. Kunakili na kubandika ndiyo tabia mbaya kuliko zote katika kazi yetu. Nimewahi kusoma maelezo ya siku tisa za mgonjwa mmoja wodini, yote yakisema "leo ni siku ya pili baada ya upasuaji".

Na kompyuta huanguka. Mwezi Mei 2021 wahalifu wa mtandaoni waliishambulia mifumo ya huduma ya afya ya taifa ya Ireland, na hospitali zikarudi kwenye kalamu na karatasi kwa wiki kadhaa. Hospitali isiyo na fomu za karatasi tayari kabatini kwa siku kama hiyo haijajiandaa. Hata hivyo, ukinitaka nichague, nachagua kompyuta bila kusita, kwa sababu moja ambayo karatasi haiwezi kunipa: kompyuta inaandika nani aliingiza nini, saa ngapi, na nani alifungua faili kulisoma. Tundu la faili halina shahidi. E11.9 ya mama ina jina la aliyeibofya na dakika aliyoibofya, na hapo ndipo utakapoanzia.

Nenda mwenyewe na mama, msitumie simu. Msianzie mapokezi. Ulizeni idara ya kumbukumbu za afya, ombeni nakala kamili ya kumbukumbu za siku nne alizolazwa: maelezo ya madaktari, majibu ya maabara na orodha ya dawa. Muhtasari pekee hautoshi. Nchi nyingi sheria inampa mgonjwa haki hiyo, na haki ya kuomba marekebisho pia. Ulaya imo katika kanuni ya ulinzi wa taarifa binafsi, GDPR, inayotumika tangu 2018. Marekani hospitali ina siku 60 za kujibu ombi la marekebisho, inaweza kuongeza 30 ikieleza sababu, na ikikataa, mgonjwa ana haki ya kuandika kutokubaliana kwake na maandishi hayo yakakaa ndani ya faili. Angalieni kama HbA1c ilipimwa. Ikiwa ilipimwa na ilikuwa chini ya 6.5, ushahidi wenu ni huo, umetoka kwao wenyewe.

Kisha andikeni barua. Maneno ya mdomo hayana msimbo. Barua iende kwa daktari aliyemruhusu mama, nakala kwa idara ya kumbukumbu, kwa sababu mtu wa kumbukumbu haruhusiwi kuondoa ugonjwa bila daktari, kama vile asivyoruhusiwa kuuongeza. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Katika muhtasari wa kuruhusiwa wa tarehe fulani nimeandikiwa E11.9, kisukari aina ya pili. Sijawahi kugunduliwa na kisukari. Naomba daktari apitie maelezo na vipimo vya siku nilizolazwa. Kama hakuna ushahidi wa ugonjwa huo, naomba uwekewe alama kwamba uliingizwa kimakosa, uondolewe kwenye orodha ya magonjwa yangu ya kudumu, na muhtasari uliosahihishwa upelekwe kila mahali ulikopelekwa ule wa kwanza. Naomba pia nijulishwe kwa maandishi ni wapi ulikopelekwa."

Angalia kwamba sikuandika "ufutwe". Ukiomba ufutwe watakukatalia, na watakuwa sahihi. Kumbukumbu ya mgonjwa haifutwi. Husahihishwa huku kosa likibaki linaonekana nyuma, limetiwa alama, ili kesho mtu akiuliza kwa nini mama alipewa dawa fulani siku ile, jibu liwepo. Angalia pia nimetaja vitu viwili: msimbo wa ile safari ya hospitali, na orodha ya magonjwa ya kudumu. Kwenye mifumo mingi ni sehemu mbili tofauti. Nimeona kosa likirekebishwa kwenye ya kwanza, kila mtu akashukuru akaenda zake, na la pili likaendelea kuishi. Mkishajibiwa, rudini baada ya miezi miwili muombe kuchapishiwa orodha upya, muisome wenyewe.

Na kama vipimo vipya vikionyesha kisukari kipo, barua isipelekwe, lakini kwa daktari nendeni vilevile. Mwambieni mama aliandikiwa ugonjwa ambao hakuambiwa. Macho yake yaangaliwe, figo na miguu pia, maana ile 9 baada ya nukta ilisema hakuna madhara, na aliyeiandika huenda hakuangalia.